Spika za Taa na Sauti ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Sponji. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti, na hata mkewe alilitumia siku za ugomvi peke yake. Alikuwa fundi wa makochi. Ungemkuta harusini, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa, lakini ukimtazama vizuri kwenye kola utaona chembe ya sponji imemng'ang'ania kama kupe. Kazi yake aliijua. Kochi lililokaliwa na vizazi viwili mpaka likachuchumaa, yeye alilivua nguo, akakaza mikanda, akabadilisha springi, akalivisha upya, na mwenyewe akija kulichukua anaogopa hata kulikalia.

Akishafunga karakana alikuwa na mapenzi yake mengine: kurekodi. Chumba cha nyuma cha nyumba yake, kilichokuwa stoo ya vitambaa, alikigeuza studio. Kulikuwa na meza, kompyuta aliyoipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama, na maikrofoni nzuri aliyozawadiwa na mkewe. Kuta zote alizibandika sponji, tena ya daraja la kwanza, mpaka ukipiga makofi mle ndani sauti inakufia mikononi. Majirani walimtania, "Studio ya Sponji, ukichoka kuimba unalala ukutani." Alirekodi tangazo la kinyozi, mashairi ya watoto wa jirani, salamu za watu kwa ndugu zao walio mbali. Kilichokosekana ni spika. Zile ndogo zilizokuja na kompyuta zililia kama nzi ndani ya kopo.

Aliyemlea Sponji ni shangazi yake. Mama alifariki mapema, na baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yupo kesho hayupo. Shangazi mtu alipiga pasi kwenye duka la dobi, pasi ile nzito ya mvuke, na kila alipoisukuma aliimba. Alikuwa na sauti nene, ya kutoka chini kabisa ya kifua, sauti ya kike yenye uzito wa mlango wa mbao. Aliposhuka kwenye sehemu za chini za wimbo, mtoto aliyebebwa mgongoni aliusikia kwa mbavu kabla ya kuusikia kwa masikio. Na kila mtoto aliyepita mgongoni pale, wa kwake au wa ndugu zake, alitungiwa wimbo wake. Sponji alikuwa mwoga wa radi, akijificha chini ya meza kila mvua ikinyesha, basi wimbo wake ulisema:

Radi ni mpita njia,
kwetu hana kiti,
atapiga hodi, ataondoka.

Neno la mwisho, "ataondoka", shangazi alilishusha polepole, chini, chini zaidi, mpaka mtoto aone radi yenyewe imeshuka ngazi na kwenda zake.

Basi, shangazi akaota uvimbe shingoni. Mwanzoni aliufunika kwa mtandio akasema ni unene wa uzee. Lakini uvimbe ukakua, kumeza chakula kukawa kazi, akaenda hospitali. Siku aliyotoka huko alipitia moja kwa moja karakana kwa Sponji, akakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa.

"Mwanangu, daktari hakunificha kitu," alisema. "Hili dude lazima litoke. Lakini mshipa wa sauti umepita jirani kabisa. Naweza kuamka na sauti yangu, naweza kuamka bila."

"Shangazi, usijitabirie mabaya."

"Sijitabirii, nasema nilichoambiwa. Wewe si una mashine? Nichukue sauti kabla sijaingia chini ya kisu. Nyimbo za watoto wote. Nikitoka nayo salama, tutacheka. Nisipotoka nayo, wajukuu wataisikia. Ni hilo tu ninalokuomba."

Sponji akaitikia kwa kichwa. Tangu aanze kujitegemea, shangazi hakuwahi kumwomba hata soda.

Hapo ndipo suala la spika likawa la lazima. Huwezi kutengeneza nyimbo za shangazi kwa kuzisikiliza ndani ya kopo. Mkewe akamshauri aende na kaka yake, shemeji wa Sponji, mwalimu wa muziki ambaye pia alikuwa akifunga mitambo ya sauti kumbini. Sponji alinung'unika. Shemeji yule alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: karibu kila mara alikuwa sahihi, na kila mara alikukumbusha.

Dukani walimkuta dada muuzaji mchangamfu, akawawekea jozi mbili za spika mezani. Jozi ya kwanza ilikuwa visanduku viwili vyeusi, vya saizi ya tofali, havina hata urembo. Ya pili ilikuwa kubwa, imezungukwa na taa za buluu zinazopumua kwa kufuata muziki, na chini yake kuna boksi zima la kutoa besi, zile sauti nzito za chini.

"Dada, punguza sauti ya hizo kubwa, iwe sawa na ya hizi," alisema shemeji. "Chenye kelele zaidi siku zote huonekana kizuri zaidi. Halafu shemeji, toa simu, weka wimbo unaoujua ndani na nje. Usisikilize utamu. Sikiliza kama ni ule ule unaoujua."

Sponji akaweka wimbo wa zamani alioupenda. Kwenye visanduku vyeusi ulitoka mkavu, kila kitu mahali pake, gitaa hapa, ngoma pale, hata pumzi ya mwimbaji. Kwenye zile za taa, kifua chake kilitikisika. Aliona kama mwimbaji amemwekea mkono begani.

"Hizi ndizo," alisema Sponji. "Hizo nyeusi zimepooza."

"Hazijapooza. Hazijaongeza kitu tu. Hizo kubwa zinakupamba. Kesho utarekodi mtu, hutajua kipi ni chake na kipi ni cha spika."

"Shemeji, mimi nataka spika, sitaki hakimu."

"Kwa kazi unayotaka kuifanya, hakimu ndiye unayemhitaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Angalia hizo taa! Unachagua spika kama mtoto anachagua peremende."

Dada muuzaji alicheka. Alicheka kidogo tu, bila nia mbaya, lakini kicheko kile kilimwingia Sponji kama sindano ya kushonea magodoro. Yeye, mwanamume mwenye karakana yake, anaitwa mtoto mbele ya watu! Kama angekwenda peke yake, labda angerudi nyumbani akatafakari. Lakini alikuwa mbele ya shemeji, na shemeji alikuwa amekunja mikono akingoja kuwa sahihi.

"Nifungie hizi za taa," alisema.

Shemeji hakubishana tena. Mlangoni tu akatupa neno: "Basi angalau usiziegemeze ukutani. Zivute mbele, ziinue usawa wa masikio, ukae katikati yake." Sponji akajifanya anahangaika na kamba za maboksi. Alipofika nyumbani akazisukuma spika mpaka pembeni kabisa, kona hii na kona ile, boksi la besi chini ya meza, maana ndivyo chumba kilivyopendeza. Mkewe alizisifia taa.

Shangazi akaja kurekodi alasiri kadhaa mfululizo. Sponji alimwandalia kiti bora katika vyote alivyowahi kutengeneza. Shangazi akakijaribu, akainuka. "Hapa nitasinzia katikati ya wimbo. Nipe kigoda." Aliimba akiwa amefumba macho. Uvimbe ulimbana, mara nyingine alikatisha, akanywa maji, akaomba radhi kwa maikrofoni kana kwamba ni mgeni wa heshima, akaanza upya. Aliimba nyimbo zote. Ule wa binti yake, binamu wa Sponji, aliyekuwa mtoto wa kulialia. Ule wa kitinda mimba aliyekula sabuni. Ule wa radi aliuweka mwisho, na alipofika kwenye "ataondoka", Sponji aligeuza uso akajifanya anatazama waya.

Shangazi akaenda kujiandaa na hospitali, na Sponji akabaki na kazi ya kuzitengeneza nyimbo. Akawasha taa za buluu, akabonyeza.

Chumba kiliunguruma. Kila mara shangazi aliposhuka chini, meza ilitetemeka na kalamu zikacheza kwenye kikombe chake. Sponji akakunja uso. Akafikiri ni maikrofoni imekosea, au ni ule uvimbe umeiharibu sauti. Hakufikiri kabisa juu ya spika. Spika ndizo zilizokuwa zikimwonyesha ubaya wenyewe, sasa angezishuku vipi? Akafanya kama afanyavyo fundi anayekuta sponji imezidi kwenye mto: akachukua kisu. Akapunguza besi, akasikiliza, akapunguza tena. Wimbo baada ya wimbo alinyofoa mvumo ule mpaka kalamu zikatulia na sauti ikatoka safi, nyepesi, tamu. Alijisikia fundi.

Kompyuta ilikuwa karibu kujaa. Kila alipomaliza wimbo ilimuuliza kama ana hakika anataka kufuta ule wa zamani na kuweka mpya mahali pake. Alikuwa na hakika.

Mkewe aliusikiliza mmoja kwa visikilizio vya simu. "Mbona kama shangazi amepungua?" aliuliza.

"Ni hivyo visikilizio vyako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliwatumia ndugu wote nyimbo kwenye simu, na wote wakajibu kwa mioyo na vidole gumba. Kwenye simu kila mtu ana sauti nyembamba, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka, shangazi akaanza kula, akanenepa mashavu. Lakini lile aliloonywa ndilo lililompata. Sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono wenye pumzi nyingi, kama mtu anayepuliza chai. Daktari alisema angoje, labda. Wakangoja. Mnong'ono ukabaki mnong'ono.

Ukoo ukakusanyika kumpongeza kwa kupona. Walikodi ukumbi mdogo, na shemeji akaja na mitambo yake, spika ndefu zilizosimama kama walinzi. Watu walipokwisha kula, binamu alisimama akasema kuna zawadi: mama ataimba leo, kupitia mikono ya Sponji. Makofi. Sponji akarekebisha kola. Shemeji akauweka wimbo wa radi.

Ikatoka sauti ya msichana. Nyembamba, kavu, kama mtu anaimba ndani ya bomba la maji. Maneno yalikuwa ya shangazi, mipumuo ilikuwa ya shangazi, lakini kifua hakikuwepo. Ilipofika kwenye "ataondoka", sauti ilianza kushuka ngazi na kupotelea njiani. Ilibaki midomo tu. Watu walitazama sahani zao.

Shangazi alimwinamia binti yake. Ingawa ulikuwa mnong'ono, kwa ukimya ule kila mtu wa meza ya mbele alisikia.

"Ni nani huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Si mimi."

Sponji aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. "Shemeji, mitambo yako hiyo! Ongeza besi!"

Shemeji akaongeza. Ukatoka mngurumo mtupu, hauna mtu ndani. Akaupunguza, akaweka wimbo mwingine wa mwanamke mwingine ambao wote wanaujua, na sauti ikajaa ukumbini, nzima, ya mviringo. Akauzima. Siku hiyo shemeji alikuwa sahihi na hakumkumbusha mtu, na Sponji angelipa kitu chochote asikie akikumbushwa.

Kesho yake shemeji alibisha hodi, amebeba jozi ya visanduku vyeusi vya kwake mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Alizivuta zile za taa nje ya kona, akaweka vile vyeusi juu ya vigoda viwili, mbali na ukuta, usawa wa masikio, akamwambia Sponji akae. Akaweka wimbo. Sauti ilikuwa ile ile nyembamba ya jana, bila ukumbi wa kusingizia.

"Sauti nzito zinapenda kona," shemeji alisema kwa upole. "Zinajikusanya pale, zinakua. Na spika zako zenyewe zinaziongeza. Sponji ya ukutani inameza sauti za juu tu, hizi za chini inazipisha. Ulikuwa unapunguza kitu ambacho hakikuwa cha shangazi. Kilikuwa cha chumba, na cha hizi."

"Inarekebishika?"

"Tupe zile za mwanzo, kabla hujazigusa. Ziko wapi?"

Sponji aliitazama kompyuta. Shemeji alimtazama, akaelewa, akakaa chini polepole. Walijaribu hata hivyo, mchana wote. Walirudisha kilichowezekana kurudi, lakini mengine alikuwa ameyakata mpaka kwenye mzizi. Kila walipoyainua ulipanda mvumo wa friji ya jikoni na makelele ya barabara. Ilikuwa kama kujaza sponji kochi ambalo fremu yake imeliwa na mchwa. Jioni shemeji alipoondoka aliviacha vile visanduku. "Kaa navyo," alisema, na Sponji akaviacha pale pale juu ya vigoda.

Alikwenda kwa shangazi mwenyewe. Alimkuta anakunja nguo, akamweleza yote: spika, kicheko cha dukani, kisu, hata lile swali la kompyuta. Alitarajia atasema "usijali, mwanangu", kama alivyosema kwa vikombe vilivyovunjika na madaftari yaliyopotea.

Shangazi aliendelea kukunja shuka mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Nilikuambia ni hilo tu," alinong'ona.

"Nilitaka zivutie, shangazi."

"Nani alikutuma univutie? Mimi nilikuwa na sauti. Sikuwa kochi."

Akamgeuzia mgongo. Sponji alisimama pale, mikono haijui iende wapi, kisha akaaga mgongo ule na kutoka nje. Njia nzima alijaribu kukumbuka sauti yenyewe, na kilichomjia kichwani ni ile aliyoitengeneza yeye. Hilo lilimuumiza kuliko maneno.

Ikapita miezi ya salamu fupi. Spika za taa alizifunga kwenye maboksi yake. Mteja mmoja aliyekuwa akifungua baa aliziona, akazitaka, akapewa. Sponji aliendelea kushona makochi. Watu wa karibu walisema amekuwa mtaratibu, anamuuliza mteja mara mbili kabla ya kukata kitambaa. Lakini akiwa peke yake mara nyingi alijikuta amesimama na mkasi mkononi, anawaza: kama ningevisikiliza vile visanduku tena, mara moja tu. Kama ningekwenda na mke wangu badala ya shemeji. Kama dada yule asingecheka. Na kila mara aliishia pale pale, kwamba hakuna aliyemshika kidole akabonyeza.

Halafu Jumamosi moja binamu akaja na mama yake. Shangazi alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akavitazama visanduku vyeusi juu ya vigoda, akakaa. Binamu ndiye aliyesema: "Mama anataka niziimbe mimi. Yeye atanielekeza. Wewe uchukue, na usiguse kitu."

"Sitagusa," alisema Sponji.

Binamu alikuwa na sauti nzuri, ya katikati, yenye harufu ya mama yake kwa mbali. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, shangazi akinong'ona maneno yaliyosahaulika, hata akacheka kwenye ule wa sabuni, kicheko kisicho na mlio, mabega tu. Walipofika kwenye wimbo wa radi, binamu aliimba mpaka "ataondoka", akashuka, akasimama.

"Ni hapo?" aliuliza.

Shangazi akatikisa kichwa: hapana. Akainua mkono mbele ya kifua, kiganja kikitazama chini, akaushusha kidogo. Binamu akajaribu tena, chini zaidi. Mkono ukashuka tena. Binamu akavuta pumzi, akaisukuma sauti mpaka ikakwaruza.

"Nadhani alikuwa anaishia hapo," binamu alimgeukia Sponji. "Si ndiyo? Wewe wimbo ni wako, unakumbuka."

Sponji alifungua mdomo. Alijua palikuwa chini zaidi, lakini chini kiasi gani hakujua tena. "Sikumbuki vizuri," alisema.

Shangazi hakumtazama. Mkono wake ulikuwa bado unashuka, ukapita goti, ukapita ukingo wa kigoda, ukasimama karibu na sakafu, na pale akauweka, akingoja, huku binti yake akijaribu tena na tena kuufikia. Sponji aliacha mashine irekodi.